Mishale ya Shemeji

Watu wa mtaa walimwita Msasa, na hawakumwonea. Alikuwa seremala hodari, mwenye mikono ya kuaminika, lakini ukisimama karibu naye kwa muda lazima uondoke umechubuka mahali. Jambo la pili walilolijua ni kwamba hakai. Alitengeneza viti vya nusu ya mtaa, yeye mwenyewe akala chakula chake amesimama, akanywa chai akizunguka, na hata msibani, wenzake wakiwa wameketi kwa heshima zao, yeye utamkuta mlangoni anakagua bawaba.

Jumamosi hiyo alizidi. Tangu wafungue karakana alikuwa akiusugua mguu mmoja wa meza, uleule, anauacha, anakwenda mlangoni, anatazama barabara, anatazama simu, anarudi kuusugua. Karakana aliichangia na fundi makochi, bonge la mtu mwenye roho laini ambaye kila mtu alimwita Sponji. Sponji alivumilia, akavumilia, mwishowe akachomeka sindano yake kwenye kitambaa.

"Ukiendelea hivyo, huo mguu utabaki wa kuchokolea meno. Una nini wewe?"

"Sina kitu."

"Huna kitu, na umeshatoka nje mara mia."

"Mtu amechukua mishale yake tangu jana," Msasa alisema, na sauti ikamtoka na uchungu kuliko alivyotaka. "Mpaka sasa hata asante hakuna. Hata kuniambia imefika salama. Ni haki hiyo?"

Sponji akacheka mpaka kitambi kikatikisika. Kumbe ni hilo tu.

Kwa Msasa halikuwa hilo tu. Meza alizitengeneza kwa ajili ya tumbo, mishale aliitengeneza kwa ajili ya roho. Ilianza kwa mzaha, pale mke wa kaka yake, nesi wa wodi ya watoto, alipojiunga na chama cha mchezo wa upinde akisema anataka kushika kitu kisicholia. Upinde wake ulikuwa wa mbao, mwepesi, wa kuvutwa na mtu aliyetoka zamu amechoka. Msasa akamchongea mishale ya kuufaa, na kila seti ikawa nzuri kuliko iliyotangulia. Hii ya mwisho aliipunguza unene makusudi, kwa sababu Nesi alilalamika kwamba ile ya zamani ni migumu na inakimbilia kushoto. Aliipitisha msasa laini kabisa, akabandika manyoya kwa gundi moja moja huku pumzi ameibana, halafu akaiweka juu ya rafu na kuitazama kwa siku mbili kabla ya kukubali kwamba imekwisha. Ndiyo maana ukimya wa Nesi ulimkera.

Alikuwa bado anakereka wakati skuta iliposimama mlangoni na Nesi mwenyewe akashuka, kofia ngumu kichwani, upinde mgongoni.

"Shemeji! Leta mishale yangu upesi, nimechelewa. Leo ndiyo maonyesho ya chama na wenzangu wameshaanza."

Msasa alimtazama. Akatazama rafu, tupu. Akamgeukia Sponji.

"Sponji, mishale ilikwenda wapi?"

"Si nilimpa shemeji."

"Shemeji ndiye huyu hapa."

"Huyu?" Sponji akakodoa macho. "Huyu sijamwona wiki nzima. Nilimpa shemeji, yule kinyozi. Alipita jana kuchukua mto wa kiti chake cha saluni, wewe umekwenda kununua mbao. Si uliniambia mwenyewe? 'Shemeji akipita, mpe mishale iliyo kwenye rafu.' Shemeji akapita, nikampa."

Huwezi kumlaumu Sponji. Mke wa kaka ni shemeji, mume wa dada ni shemeji, na Msasa alikuwa nao wote wawili, mmoja anampenda na mwingine anamvumilia. Kichwani mwake, neno hilo likitajwa pamoja na mishale, lilikuwa na sura moja tu. Hakuwahi kufikiri kwamba kichwani mwa mtu mwingine lingeweza kuvaa ndevu.

"Tena alifurahi huyo," Sponji aliendelea, hajajua bado kwamba mambo yameharibika. "Alinikumbatia! Akasema, 'Kumbe Msasa amenisamehe.' Akasema kesho anaipiga mbele ya watu wote. Nikajua mmepatana."

Mguu wa meza ulimponyoka Msasa mkononi. Hakuuokota.

Kinyozi, mume wa dada yake, naye alikuwa mwanachama, lakini upinde wake ulikuwa mwingine kabisa: wa chuma na nyaya, wenye magurudumu mawili kwenye ncha, wenye nguvu ya kutisha. Miezi michache nyuma, mbele ya familia nzima mezani, alimwomba Msasa amchongee mishale ya mbao kama ya Nesi, kwa sababu ile ya dukani haina uzuri. Msasa angeweza kumweleza taratibu kwamba ni hatari. Badala yake akasema, "Hiyo baiskeli yako kainunulie spoku dukani." Watu wakacheka. Dada yake hakucheka, kwa kuwa hakusikia. Homa ya utotoni ilimchukulia masikio kabla hajajua kusema. Na Kinyozi, badala ya kununa, aligeuka akamtafsiria mkewe kwa mikono yake, neno kwa neno, tusi na vyote, hakupunguza. Halafu akaomba chumvi.

Hilo ndilo lililomuuma Msasa hata leo, na ni afadhali lisemwe wazi: alikuwa na wivu. Tangu utotoni yeye ndiye aliyekuwa mdomo wa dada yake. Lugha yao ya mikono waliibuni wawili uani, wakati mama anapika. Kisha akaja huyu na mikasi yake, akajifunza yote katika muda mfupi wa uchumba, akaisema kwa ufasaha na upole ambao Msasa hakuwahi kuwa nao, na dada yake akahama na mikono ile. Msasa akabaki na mikono ya kushikia randa.

"Mpigie," Nesi alisema. Alikuwa amemwona rangi ilivyombadilika. "Shemeji, mpigie!"

Simu ya Kinyozi iliita mpaka ikakata. Uwanjani simu huwekwa kwenye mifuko, Nesi akamkumbusha. Msasa akamwandikia dada yake: MWAMBIE ASIPIGE MISHALE YA MBAO. Ujumbe ukaenda, ukakaa. Alisimama akiutazama kana kwamba angeweza kuusukuma kwa macho.

"Wenye pinde za magurudumu ndio wanaotangulia leo," Nesi alisema, na hapo akawa ameshageuza skuta. "Panda."

Msasa hakuwahi kupanda skuta nyuma ya mtu, achilia mbali nyuma ya shemeji yake wa kike, na upinde ukimkwaruza pua. Alipanda. Hakujua ashike wapi, akashika kiti, akashika bega, mwishowe akaushika upinde wenyewe.

"Nieleze," Nesi alisema kwa sauti kubwa wakikata kona ya duka la simenti. "Mishale ni mishale. Kwa nini kwangu ni sawa na kwake ni balaa?"

"Mshale hauondoki umenyooka, shemeji. Ugwe, ile kamba ya upinde, ukiusukuma, unapinda kwanza. Upinde wako unasukuma kwa adabu: unapinda kidogo, unanyooka, unakwenda zake. Ule wa kwake unasukuma kwa nguvu zote kwa mara moja. Mti mwembamba kama ule hauwezi. Unapinda mpaka unapasuka. Sasa kipande cha mbele kimeshakata tamaa, cha nyuma bado kinasukumwa, na kimechongoka. Mbele yake kuna nini?"

Nesi alipunguza mwendo kidogo. Alikuwa anaipanga picha ile kichwani.

"Mkono ulioshika upinde," alisema.

"Mkono ulioshika upinde. Hapa kwenye kiganja, au hapa kwenye kifundo."

"Labda usivunjike. Watu wangapi wamepiga na hawajadhurika?"

"Labda! Hilo labda ndilo linalonitoa jasho."

Nesi akaongeza moto. Naye alijua mkono una nini ndani: mishipa, kano, vitu vyembamba visivyopenda kushonwa. "Kinyozi bila mkono wa kushoto," alisema, kama anayejisemea, "atashikaje kichwa cha mteja?"

Msasa hakuwa anafikiria vichwa vya wateja. Alikuwa anaiona meza ya chakula nyumbani kwa dada yake, jioni, na mikono miwili ikimhadithia habari za siku nzima: nani alikuja saluni, nani alikataa kunyolewa ndevu, nani alilia kwa sababu ya mapenzi. Dada yake alizipenda hadithi zile kuliko chakula. Ukiuondoa mkono mmoja kati ya ile miwili, unamwachia nini? Nusu ya kila neno.

Barabara ya sokoni ilikuwa imefungwa. Bomba la maji lilipasuka, mafundi wakachimba mtaro toka ukingo hadi ukingo, na sasa walikuwa wamesimama wanautazama. Nesi alitaka kuzunguka. Msasa alisharuka chini, akaishika skuta kwa nyuma, wakaivusha juu ya ubao mmoja uliokuwa ukinesanesa, mafundi wakipiga kelele, "Mzee, huo ubao si wa magari!" "Nami si gari!" Msasa akawajibu, matope yamemfika magotini. Upande wa pili skuta ikakataa kuwaka. Nesi akaipiga teke, akaiita jina ambalo manesi hawaitani mbele ya wagonjwa, akaipiga tena. Msasa alikuwa ameshaanza kukimbia. Ilibidi Nesi amfuate na kumdaka njiani.

Simu ya Msasa ilikuwa bado kimya. Ujumbe haujasomwa.

Uwanja wa chama ulikuwa nyuma ya kiwanda cha matofali, umezungushiwa waya mrefu, na geti lake lilikuwa upande wa mbali kabisa. Kabla hawajafika walisikia spika: muziki, na juu ya muziki sauti ya mshereheshaji anayeipenda sauti yake. Nesi alipopunguza mwendo kwenye kona ya uzio Msasa aliruka.

"Zunguka getini!" alimwambia. "Mimi nitaita kutoka hapa!"

Akajibandika kwenye waya. Palikuwa na mstari wa wapiga upinde, na ubavuni mwao, ng'ambo kabisa, hema lenye watazamaji. Wote hao walikuwa wametazama shabaha. Na katikati ya mstari, shati limepigwa pasi, kifua mbele, alisimama Kinyozi.

"Na sasa, mabibi na mabwana," spika ilinguruma, "kinyozi wetu, na mishale ya mbao iliyochongwa kwa mkono na shemeji yake mwenyewe!"

Watu wakapiga makofi. Msasa aliita jina la Kinyozi kwa nguvu zake zote, na sauti yake ikafia kwenye muziki. Ugwe ukalia. Msasa akafumba macho. Alipofumbua, mshale ulikuwa umekaa kwenye shabaha, karibu kabisa na kitovu, manyoya yake meupe yakitetemeka, na watu wakishangilia. Kinyozi alikuwa mzima. Alikuwa anacheka, anainua upinde juu, na mkono mwingine umeshaingia kwenye podo kutafuta mshale wa pili.

"Acha!" Msasa alipiga waya kwa viganja. "Acha wewe! Acha!" Mzee mmoja aliyekuwa karibu na uzio aligeuka, akampungia mkono kwa furaha, akarudi kutazama.

Hapo ndipo alipomwona dada yake. Alikuwa amekaa pembeni ya hema, mkoba mapajani, simu ndani ya mkoba bila shaka, uso umeelekea kwa mumewe, na kwa hiyo umeelekea huku. Msasa akarudi nyuma hatua chache palipokuwa na uwazi, akainua mikono yote miwili juu ya kichwa, akaipunga kama mtu anayezama. Watu wenye masikio hawakuona kitu. Dada yake aliona. Macho yake yalizoea tangu utoto kukamata kila kinachotikisika.

Alisimama nusu. Kidevu chake kiliuliza: nini?

Mikono ya Msasa ilitangulia kabla ya akili. Kidole juu ya mkono mwingine: mshale. Ngumi mbili zilizovunja hewa: kuvunjika. Kidole kikachoma kiganja cha kushoto, kikachoma tena. Na nani? Hapo alikwama kwa muda wa pumzi moja. Katika lugha yao kila mtu alikuwa na alama yake. Nesi alikuwa vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, pale anapopimia mapigo. Msasa mwenyewe alikuwa viganja viwili vinavyosuguana. Kinyozi alikuwa kidole gumba kinachoshuka polepole shavuni. Dada yake ndiye aliyempa alama hiyo, na Msasa kwa miaka yote ya ndoa yao hakuwahi kuitumia. Siku zote alimwonyesha kwa kidevu tu: yule. Lakini kwa umbali ule, kwa kidevu mtu ataonyesha nini?

Akaweka kidole gumba shavuni, akakishusha.

Dada yake akatupa mkoba. Alikwenda mbio mpaka kwenye mstari, na mahali ambapo mtu mwingine yeyote angemvuta mumewe shati, yeye alisimama ghafla, kwa sababu Kinyozi alikuwa ameshavuta ugwe mpaka taya. Ukimgusa mtu wa hivyo, mshale umeufyatua wewe. Alijua. Akasogea ubavuni, nyuma ya mstari lakini ndani ya pembe ya jicho lake, akainua kiganja kimoja wazi na kukituliza hewani. Subiri.

Msasa aliona mgongo wa Kinyozi ukitetemeka kwa uzito wa upinde. Aliona kichwa chake kikigeuka kidogo. Kisha, taratibu, kwa shida, maana pinde zile hazipendi kurudi zilikotoka, Kinyozi akaurudisha ugwe, mshale ungali juu yake, na kuushusha upinde chini. Muziki ukaendelea kupiga. Mshereheshaji akasema kuna tatizo dogo la kiufundi.

Msasa alizunguka uzio wote akitweta, akampita Nesi getini akibishana na mlinzi kuhusu mahali pa kuegesha, akafika kwenye hema matope yamemkaukia kwenye suruali.

"Nimekosa nini tena?" Kinyozi alimpokea. Hakuwa na hasira, alikuwa amechanganyikiwa. "Umeuona ule wa kwanza? Umeona ulivyokaa?"

"Ulete huo wa kwanza."

Wapiga upinde walishasimamisha zoezi, mtu akaenda akauchomoa na kuuleta. Msasa hakuugusa. "Ukunje kwa mikono yako mwenyewe," alisema. "Mbali na uso. Polepole."

Kinyozi akaushika ncha na ncha, akaukunja kidogo. Ulilia, sauti ndogo kavu. Karibu na manyoya ufa uliokuwa mwembamba kuliko unywele ukafunguka, ukakimbia kufuata nyuzi za mti, na mshale ukaachana vipande viwili, cha nyuma kikiwa na ulimi mrefu uliochongoka. Kinyozi akakitazama. Akaiweka ncha yake juu ya kifundo cha mkono wake wa kushoto, pale ambapo kingeingia. Mkewe akakinyakua.

"Mungu wangu," Kinyozi alisema. Akakaa chini, kwenye nyasi. Baada ya kitambo akainua uso, na kilichokuwa usoni mwake kilimshangaza Msasa: aliona haya. "Lakini haikuwa nia yako. Najua. Mtu yeyote anaweza kukosea vipimo. Wewe ulinitengenezea kwa moyo safi."

"Nilimtengenezea shemeji," Msasa alisema.

Wala hakudanganya. Neno lilitoka lenyewe, likawatosha shemeji wote wawili, na Kinyozi akatabasamu, akatikisa kichwa kukubali, jambo limekwisha. Ingeweza kuishia hapo. Msasa angepoteza jina kidogo kama fundi aliyekosea unene, amani ingebaki nyumbani, na hakuna ambaye angejua. Hata yeye aliliona lango lile na akatamani kupita.

Lakini dada yake alikuwa amesimama kati yao, ameshika kipande kilichochongoka, na hakuna alichosikia. Akamgeukia kaka yake. Mikono yake ikauliza: mishale ya nani?

Mikononi hakukuwa na shemeji. Hawakuwahi kulibuni neno hilo. Walikuwa watoto, na watu kwao walikuwa watu, kila mmoja na alama yake. Msasa aliinua mkono. Kidole gumba kilikuwa karibu kabisa na shavu, kingegusa tu. Na kesho Kinyozi angemwomba amchongee mingine, minene zaidi, kwa kuwa moyo ni safi na kosa ni la vipimo. Tena Msasa kwa mikono yake hakuwahi kumdanganya dada yake hata mara moja. Kwa mdomo aliwadanganya wengi.

Akaweka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono. Nesi.

Dada yake aliona. Na Kinyozi, ambaye aliijua lugha ile kuliko mwenye kuibuni, naye aliona. Tabasamu lilimtoka usoni kidogo kidogo. Aliangalia nyasi, akang'oa unyasi mmoja, akaupasua katikati.

"Sponji alikosea," alisema.

"Sponji hakukosea. Mimi ndiye niliyesema vibaya." Msasa alianza kuzunguka, hatua tatu huku, hatua tatu kule. "Na ya kwako sitaitengeneza. Sikiliza. Si kwa sababu ya ile baiskeli, nilisema upuuzi siku ile. Nikuchongee minene, nikuchongee ya mti mgumu kama chuma, siku moja itapata ufa usiouona, na mkono huo... mkono huo siwezi. Nunua ya dukani. Ikague, na yenyewe ikunje kabla ya kuipiga. Nimekataa kwa sababu ni hatari."

Kinyozi, kama kawaida yake, alikuwa anamtafsiria mkewe, vidole vikienda nyuma ya maneno ya Msasa bila kupunguza. Alipofika kwenye hatari, dada yake alimzuia mikono. Akamtazama kaka yake kwa muda mrefu. Kisha akamjibu kwa ishara kubwa, za polepole, kama zile walizotumia wakiwa wadogo.

Kiti hakivunji mkono.

Msasa akasimama.

Meza haivunji mkono, dada yake akaendelea. Kitanda. Rafu. Stuli. Umewatengenezea watu wote. Mwaka baada ya mwaka. Akashusha kidole gumba shavuni. Yeye, umemtengenezea nini?

Spika ilikuwa imezimwa. Msasa alitafuta jibu kichwani, katika kila kona ya karakana yake, juu ya rafu, chini ya maranda, na hakulipata. Aliwahi kumtengenezea hata mlinzi wa kiwanda. Aliwahi kutengeneza kibanda cha kuku wa jirani asiyemsalimia. Uso ulimwaka moto, na kwa mara ya kwanza siku hiyo miguu yake haikutaka kwenda popote.

"Kazini kwako unasimama kutwa," hatimaye alimwambia Kinyozi.

"Kinyozi gani anakaa?"

"Miguu inavimba?"

Kinyozi akatafsiri hilo nalo. Mkewe akajibu kwa niaba yake: alionyesha miguu, akaijaza kwa mikono yake mpaka ikawa mikubwa kuliko ndoo.

"Simama," Msasa alisema. Akamnyang'anya dada yake kile kipande cha mshale, akakivunja ule ulimi uliochongoka, akaukanyaga kwenye udongo, akachomoa penseli nyuma ya sikio. "Simama vizuri, usijikunje. Stuli ndefu, ya kuegemea tu. Unafanya kazi umesimama, uzito unaubeba mti." Akapiga magoti kwenye nyasi, na kwa kuwa futi yake aliiacha karakanani, akaanza kumpima kwa kile kipande, toka kisigino, akitia alama kwa penseli, akikipandisha juu na kutia alama tena.

Nesi ndiyo kwanza alikuwa anafika, kofia kwapani. Aliangalia podo, akaangalia vipande mkononi mwa Msasa.

"Jamani," alisema, "hiyo si mishale yangu?"

Dada mtu aliinama mpaka uso wake ukawa sawa na wa kaka yake, na ingawa jibu alikuwa analiona mbele ya macho yake, akauliza tena kwa mikono: hiyo stuli ya nani?

Msasa akaibana penseli kwa meno ili mkono uwe huru, akaweka kidole gumba shavuni, akakishusha polepole, halafu akarudi kupima goti.